Tuanze na Ngoma Nzito: Mwongozo Kamili wa Ala za Samba za Brazil

Chukua kiberiti kilichojaa nusu. Kishike kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto, kisha kigongegonge kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, njiti zikichezacheza ndani. Tayari una ala ya samba mkononi. Mwimbaji Cyro Monteiro wa Rio de Janeiro alijulikana Brazil nzima kwa kiberiti chake, na João da Baiana alisifika kwa sahani na kisu cha mezani: anakwaruza ukingo wa sahani, na mdundo unatoka.

Nimeanza na vyombo vya jikoni kwa makusudi. Wengi wanaotamani kujifunza samba hukwama mlangoni kwa kudhani lazima kwanza wanunue ngoma kumi na mbili. Wengine hununua zote kwa mkupuo, wakaanza na ile ndogo yenye kelele nyingi kwa sababu ndiyo inayovutia macho, na baada ya miezi sita bado hawajapiga samba. Samba hujengwa kama nyumba, msingi kwanza. Ngoma nzito hutangulia na ngoma ndogo hufuata. Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio huo.

Hatua ya kwanza: miguu

Usishike ngoma yoyote bado. Simama, tembea papo hapo, kushoto kulia, na uhesabu: moja, mbili, moja, mbili. Sasa piga kofi kubwa kwenye *mbili*, na kwenye *moja* ugusanishe viganja tu bila sauti. Endelea hivyo kwa dakika tano kamili.

Aliyezoea bendi za gwaride ataona ugumu, maana miguu yake inataka uzito uangukie *moja*. Katika samba uzito huangukia *mbili*. Asiyelijua hilo kwa mwili wake anaweza kujifunza mapigo yote na bado wachezaji wakakaa.

Miguu ikishakubali, jaza nafasi kwa mdomo. Kila hatua ya mguu igawe vipande vinne vilivyo sawa: *ta-ka-ta-ka, ta-ka-ta-ka*. Mzunguko mmoja wa hatua mbili una vipande vinane. Ala zote nitakazozieleza zinaishi ndani ya vipande hivyo. Kinachozitofautisha ni kipande gani inakipiga na kipi inakiacha.

Hatua ya pili: surdo, na hapa usiwe na haraka

Surdo ni pipa la bati, alumini au mbao lenye ngozi pande zote mbili. Ukipata kuisikia ngoma ya vumi ya pwani yetu inavyonguruma kwa chini, utaitambua kazi yake mara moja. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Alcebíades Barcelos, aliyejulikana kwa jina la Bide, fundi viatu na mtunzi wa mtaa wa Estácio. Yeye na wenzake, akiwemo Ismael Silva, walianzisha Deixa Falar mwaka 1928, kundi linalohesabiwa kuwa shule ya kwanza ya samba, yaani chama cha mtaa cha wapigaji, waimbaji na wachezaji wanaotoka pamoja kwenye kanivali. Walitaka kuimba huku wanatembea barabarani, umati nyuma yao, na hapakuwa na ngoma ya kuwashikisha watu wengi mwendo mmoja. Bide alichukua kopo kubwa la siagi akalifanya ngoma. Ukikosa fedha ya surdo ya dukani, basi, mkumbuke Bide. Pipa la plastiki la lita 60 lililowambwa ngozi ya mbuzi linatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza.

Shule nyingi za Rio hutumia surdo za namna tatu. Ya kwanza ndiyo nene kuliko zote, kwa kawaida upana wa inchi 22 hadi 26, na ndiyo inayopiga *mbili*. Ya pili ni ndogo kidogo, sauti yake iko juu kidogo, na hujibu kwenye *moja*. Ya tatu ni ndogo zaidi, inchi 16 hadi 20, na hupita katikati ya hizo mbili ikizikatiza. Usichanganywe na majina: ya kwanza hupiga *mbili*, ya pili hupiga *moja*.

*Kuiwamba na kuikaza.* Surdo ya kisasa haina kamba, ina vyuma virefu vyenye nati. Kaza nati zote kwa vidole mpaka zishike, halafu chukua spana. Kaza moja nusu mzunguko, kisha nenda upande wa pili mkabala nayo ukaze nusu mzunguko, kama fundi anavyokaza nati za gurudumu la gari. Methali husema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Hapa usivutie upande wowote. Gonga kwa kidole karibu na kila nati usikilize. Penye sauti ya chini, ongeza robo mzunguko. Sauti ikilingana kuzunguka ukingo wote, hapo ndipo uamue unataka ngoma iwe juu au chini kiasi gani.

Surdo ya kwanza iache chini, lakini isiwe chini kiasi cha kupoteza umbo la sauti na kubaki kishindo kitupu. Ya pili ipandishe mpaka mtu aliyesimama upande wa pili wa uwanja aweze kukuambia, akiwa amefumba macho, ni ipi imepigwa. Ya tatu ipande juu ya hiyo. Kipimo cha macho kufumbwa kimenisaidia kuliko mashine yoyote ya kupimia sauti.

*Kuipiga.* Ngoma hutundikwa kwa mkanda begani au kiunoni. Ikiwa nzito, chagua mkanda wa kiunoni, mgongo wako utakushukuru. Mkono wa kulia unashika mkwiro, yaani fimbo ya kupigia, wenye kichwa kikubwa cha sufi au sponji. Mkono wa kushoto hauna fimbo, na kazi yake ni nusu ya ala. Kwa surdo ya kwanza:

*Moja*: laza kiganja cha kushoto juu ya ngozi, kuizima.
*Mbili*: inua kiganja, piga katikati, acha ivume.

Kwa surdo ya pili geuza: piga kwenye *moja*, zima kwenye *mbili*. Usipozima, sauti ya pigo lililopita inaliingilia linalofuata, na badala ya mdundo unapata mngurumo usiokatika. Nimesikia vikundi vyenye ngoma nzuri na watu wenye bidii vikiharibika kwa mkono wa kushoto tu.

Wapange watu wawili, mmoja kwa kila surdo, waongee hivyo kwa robo saa bila pambo lolote. Inachosha, lakini fanyeni. Surdo ya tatu iingie baadaye, na mpigaji wake awe yule mwenye masikio mazuri, kwa kuwa yeye ana uhuru wa kucheza: anadokeza pigo zito kabla halijafika, anaziba pengo baada yake. Mwenye haraka asipewe.

Kuna shule moja inayokataa mpango huu. Mangueira, iliyoshinda mashindano ya kwanza ya shule za samba mwaka 1932 pale Praça Onze, haina surdo ya kujibu. Surdo yake ya kwanza hupiga peke yake, *mbili, mbili, mbili*, na ukimya wa *moja* ndiyo sahihi yake. Mpenzi wa samba huitambua Mangueira kutoka mbali hata kabla hajaiona rangi ya waridi na kijani.

Hatua ya tatu: ala zinazotembeza

Ngoma nzito zikisimama, zinahitaji kitu cha kuzisukuma bila kukatika. Kazi hiyo ni ya kaisha, ngoma bapa ya inchi 12 au 14 yenye nyuzi za chuma juu ya ngozi. Dukani utaiona imeandikwa *caixa*. Fimbo mbili, kulia kushoto, vipande vyote vinane bila kuacha hata kimoja. Kinachobadilika ni nguvu. Kwa kuanzia, tia mkazo kwenye kipande cha kwanza na cha nne cha kila kundi:

TA ka ta KA | TA ka ta KA

Piga taratibu sana, mapigo 70 kwa dakika, na mapigo yasiyo na mkazo yawe madogo kweli, fimbo isiinuke zaidi ya upana wa vidole vitatu. Kosa la kila anayeanza ni kupiga yote kwa nguvu. Ukishaliweza zoezi hili, sikiliza rekodi za shule mbalimbali, kwani kila shule ina mkazo wake wa kaisha na huulinda kama familia inavyolinda jina lake.

Shokalyo ni fremu yenye safu za visahani vya bati vinavyogongana, binamu wa kayamba. Isukume mbele na kuivuta nyuma, mabega yakiwa yametulia. Kama huna, kopo la maziwa lenye mchele kidogo linafanya kazi hiyo. Ukitia mchele mwingi sauti inakufa.

Repiniki, au *repinique*, ni ngoma ya inchi 12 iliyokazwa hadi inalia kama kitu kinachokaribia kupasuka. Mkono mmoja una fimbo, mwingine mtupu. Pigo la msingi ni fimbo mara tatu na kiganja mara moja: *fimbo-fimbo-fimbo-mkono*. Huyu ndiye mwadhini wa kundi. Anapiga mwito peke yake, wengine wanaitika, na samba inaanza. Basi mwenye repiniki asiwe mtu wa kusitasita.

Hatua ya nne: tamborimu

Hapa ndipo wengi walitaka kuanzia. Tamborimu ni fremu ya inchi 6 tu, ngozi upande mmoja, haina njuga. Inashikwa kwa mkono wa kushoto, kidole cha kati kikigusa ngozi kwa nyuma ili kubana na kuachia sauti. Kwenye gwaride hupigwa kwa kifimbo cha plastiki chenye nyuzi kadhaa, na sauti yake hukata kama mjeledi. Kwenye samba ya kukaa mezani, kijiti kimoja cha mti kinatosha.

Pigo lake maarufu huitwa teleko-teko, nalo huchukua vipande kumi na sita, yaani mizunguko miwili ya surdo. Mstari ni pa kunyamaza:

TA – TA – | TA TA – TA | – TA – TA | – TA TA –

Usilisome kwa macho. Liimbe kwanza huku miguu inatembea, mguu ukitua mwanzoni mwa kila kundi. Utaona makundi mawili ya kwanza yanakubaliana na mguu, na mawili ya mwisho yanaukwepa. Raha yote ya samba imo katika kuukwepa huko kisha kurudi. Likishakaa mdomoni, lipeleke kwenye kiberiti, halafu ndipo kwenye ngoma.

Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, alilifuatilia pigo hili la mapigo tisa ndani ya vipande kumi na sita, akalikuta limo katika ngoma ya kachacha, ya watu wa mashariki mwa Angola na nchi jirani zake. Kwa msomaji wa Kiswahili aliyeko Katanga, basi, hili ni pigo la majirani zake lililovuka bahari kwa minyororo. Hata majina yalivuka. Katika jongo, uchezaji wa watumwa wa mashamba ya kahawa kusini-mashariki mwa Brazil, ngoma huitwa *angoma*. Sihitaji kukutafsiria.

Mbinu ya pili ya tamborimu ni ya kugeuza, ile inayojaza vipande vyote bila kuchoka. Kifimbo kinapiga chini, chini tena, kisha mkono wa kushoto unaipindua ngoma ili kifimbo kiiguse wakati kinapanda juu, halafu chini: *chini-chini-juu-chini*. Pigo la juu halipigwi kwa nguvu, ngoma ndiyo inayokwenda kukutana na kifimbo. Jipe miezi, si siku. Ukiumwa kifundo cha mkono, simama siku hiyo.

Zamani tamborimu zilikuwa za ngozi halisi, nazo ngozi hulegea kwa unyevu. Wapigaji waliwasha karatasi za magazeti na kuzipasha moto kabla ya kutoka, sawa na wazee wetu wanavyozipitisha ngoma kwenye moto wa makuti. Leo ngozi ni za plastiki, lakini mtu wa Rio bado husema watu wanapasha tamborimu moto, akimaanisha kanivali imekaribia.

Hatua ya tano: pandeiro, kwa asiye na kundi

Kama uko peke yako, jifunze hii. Pandeiro ni fremu ya inchi 10 hadi 12 yenye ngozi na visahani vya bati pembeni. Aliyekulia kwenye maulidi atasema hili ni tari, na hatakuwa mbali. Tofauti iko mkononi: visahani vya pandeiro vimepinda ili sauti iwe kavu na fupi, na mkono mmoja huifanya kazi ya surdo, kaisha na shokalyo kwa pamoja.

Ishike kwa mkono wa kushoto, imelala. Mkono wa kulia ubembee juu yake namna hii:

dole gumba – ncha za vidole – kitako cha kiganja – ncha za vidole

Gumba linapiga karibu na ukingo na kutoa sauti nzito. Kwenye *moja*, kidole cha kushoto kilichoko chini kibane ngozi. Kwenye *mbili* kiachie, ngoma ivume. Umeziweka surdo zote mbili kwenye fremu moja. Kofi la katikati ya ngozi liongeze baadaye kama pilipili, kidogo kidogo.

Ala hii imewagharimu watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 polisi wa Rio waliwasumbua watu weusi kwa sababu ya samba, na João da Baiana alinyang'anywa pandeiro yake. Seneta Pinheiro Machado, aliyekuwa akimwalika kwenye karamu nyumbani kwake, alipopata habari hiyo alimpa pandeiro mpya yenye maandishi ya kumtunukia, mwaka 1908. Tangu hapo polisi walisita kuigusa. Kila ninapomwona kijana ameitupa pandeiro sakafuni, moyo wangu unamrudia mzee huyo.

Kuika na zilizobaki

Kuika, au *cuíca*, ndiyo ala inayocheka na kulia ndani ya samba. Ni ngoma ya ngozi moja ambayo ndani yake, katikati kabisa ya ngozi, kimefungwa kijiti cha mwanzi. Haipigwi juu. Unaingiza mkono kwa nyuma ukiwa na kitambaa kilicholowa maji, unakibana kijiti kwa gumba na vidole viwili, unasugua kwenda na kurudi. Kidole cha mkono mwingine kinabonyeza ngozi kwa nje, karibu na katikati. Bonyeza, sauti inapaa, achia, inashuka. Kitambaa kikavu hakitoi kitu, na kinachotiririka maji kinateleza, kwa hiyo kikamue mpaka kibaki na unyevu tu. Nayo ilitoka Angola na Kongo, ambako iliitwa puita.

Agogo ni kengele mbili za chuma zilizoungana, jina likitoka kwa Wayoruba. Shule ya Império Serrano hutumia yenye midomo minne, ikapiga karibu wimbo mzima. Rekoreko ni kikwaruzo cha chuma chenye springi. Ukishaiweza shokalyo, hizi mbili hazitakusumbua.

Na kama unapenda samba ya kukaa kuzunguka meza, ijulikanayo kama pagode, zitafute ala mbili zilizoibuka kwa kundi la Fundo de Quintal pale Cacique de Ramos, klabu ya kanivali ya Rio, katika miaka ya 1970: tantani ya Sereno, inayolazwa pajani ikachukua nafasi ya surdo, na repiki ya mkono ya Ubirany, ngoma ndogo inayopigwa kwa mikono bila fimbo. Zinafaa nyumba zenye majirani wa karibu.

Hatua ya sita: kuwaunganisha watu

Kundi la gwaride la Rio lina wapigaji 250 hadi 300, nao hupita kwenye uwanja wa Sambódromo uliochorwa na Oscar Niemeyer na kufunguliwa mwaka 1984. Wewe anza na kumi. Mgawanyo ninaoupenda ni surdo moja ya kila aina, kaisha mbili, repiniki moja, tamborimu mbili, agogo moja na shokalyo moja.

Surdo zisimame katikati, nyuma, kaisha zizizunguke, ndogo zikae mbele. Kiongozi asimame akiwatazama watu wake, filimbi shingoni. Kubalianeni ishara chache tu, zisizozidi tano: kuanza, kunyamaza, kushusha sauti, kupandisha, na kurudia mwito. Mkiwa na ishara kumi na tano hamtaitazama hata moja.

Mwendo uanze kwenye mapigo 80 kwa dakika. Shule za gwaride hukimbia kati ya 130 na 145 hivi, lakini msikimbilie huko. Mkiona mnaharakisha bila kutaka, wanyamazisheni wote isipokuwa surdo, waongee mizunguko minane, kisha warudisheni wengine mmoja mmoja. Vaeni vizibo vya masikio, hasa mnapofanyia mazoezi ndani ya chumba. Masikio yakishakufa hayafufuki.

Mkishaweza kwenda dakika kumi bila kuyumba, jaribuni mnyamao mfupi. Mestre André, kiongozi wa ngoma wa shule ya Mocidade Independente de Padre Miguel, ndiye anayetajwa kuuanzisha: kundi zima linakatika ghafla katikati ya wimbo, repiniki inaita, wote wanarudi pamoja. Jaribuni hivi. Kiongozi anyooshe ngumi juu, wote wanyamaze kwenye *moja*, miguu iendelee kutembea. Mizunguko miwili ya ukimya. Repiniki ipige mwito wa mzunguko mmoja, na surdo ya kwanza iangukie *mbili*. Wakirudi kila mtu na wakati wake, tatizo halipo mikononi. Rudini hatua ya kwanza, mtembee.

Baada ya kupiga

Legeza ngozi za mbuzi robo mzunguko kila nati kabla ya kulala, hasa kama mnakaa karibu na bahari, ambako hewa ya usiku hulegeza ngozi na jua la asubuhi huikaza ghafla hata ikapasuka. Ngozi za plastiki ziacheni zilivyo. Visahani vya pandeiro vifutwe jasho kwa kitambaa kikavu, la sivyo vitashika kutu. Kijiti cha kuika kifuteni pia, na msiilaze kuika kwa kuegemeza uzito kwenye kijiti. Kikichomoka kwenye ngozi, hakuna gundi itakayokirudisha vizuri, itabidi muwambe ngozi upya.